Mayai Yalipoanza Kupoa

Ndugu zangu, hebu sogeeni mbele kidogo, nina habari ya mama mmoja aliyeanzisha biashara ya vifaranga.

Mama huyu alikaa kule nyanda za juu, kwenye baridi kali. Akauza ng'ombe wake, akanunua mashine ya kutotolesha mayai. Majirani wakasema sana. "Kuku wetu wanaatamia wenyewe, mashine ya nini?" Aliyesema kuliko wote ni mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu. "Biashara hiyo itamfia mkononi," alisema mbele za watu. Mama akajibu, "Mtakuja tu." Na kweli wakaja. Kila mwenye mayai akapeleka kwake, hata yule mzee.

Basi asubuhi moja, siku vifaranga walipokaribia kutoka, upepo ukaangusha nguzo ya umeme. Mafundi wakasema barabara ina tope, hawafiki mpaka kesho. Na yale mayai yakipoa, vifaranga wanafia humo humo ndani.

Mnajua alifanya nini? Alifunika mashine kwa mablanketi, akafunga mlango kwa ndani.

Bibi mmoja jirani akaja akagonga. "Mwanangu, mayai yetu yanaendeleaje na umeme huu?"

"Hayana shida, bibi. Mashine inatunza joto."

Uongo mtupu! Wakati anajibu alikuwa ameweka yai shavuni, analisikia linapoa. Kwa nini alidanganya? Nawauliza ninyi. Alikuwa hawapendi majirani? Hapana. Alimkumbuka yule mzee na maneno yake, akaona heri mayai yafe kimya kimya kuliko watu waje wamcheke.

Akakaa humo, yai liko shavuni. Mara akasikia kitu kinagonga. Polepole, kutoka ndani ya ganda. Kifaranga anatafuta njia ya kutoka! Mama akasema, "Yesu wangu, huyu bado ni mzima, na mimi nimekaa namwangalia akifa."

Akafungua mlango, akatoka mbio bila hata viatu. Na mtu wa kwanza kukutana naye njiani ni nani? Ni yule yule mzee.

"Mzee, shikamoo. Nimewadanganya. Mayai yanapoa na sina la kufanya."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na humo ndani ulikuwa unangoja nini?"

Mama akaanza kulia. Mzee akageukia nyumba za watu, akapaza sauti ile ya jeshini: "Jamani! Kila mwenye moto jikoni abandike maji! Leteni madumu!"

Ndugu zangu, mngeona kijiji kile! Madumu ya maji ya moto yakaingizwa ndani ya mashine. Mayai yaliyokosa nafasi, kina mama wakayafunga tumboni kwa vitenge, wakakaa wima, hata kucheka wanaogopa. Mzee naye akaketi na koti lake kubwa, mayai yamejaa kifuani.

Mama akamwambia, "Mzee, hayo siyo yako. Yako yamo ndani ya mashine."

"Nani kakuuliza? Lete maji mengine, haya yamepoa."

Wakabadilishana zamu hivyo mpaka umeme ukarudi. Yapo mayai ambayo hayakutotoa, siwafichi. Lakini mengi yalipasuka, na chumba kikajaa kelele za vifaranga hata watu hawasikilizani. Mama akaketi chini sakafuni, akashusha pumzi, akacheka huku machozi yanamtoka.

Akamuuliza mzee, "Si ulisema biashara hii itanifia mkononi? Mbona umehangaika hivi?"

Mzee akatazama pembeni. "Siku mashine ilipokuja, nilisimama pale barabarani nione kama utaniita nikusaidie kuishusha. Ukaita vibarua kutoka mjini. Mimi jirani yako, hukuniona."

Mmesikia? Yule aliyemwogopa kama adui alikuwa anasubiri kuitwa!

Sasa tujiulize sisi. Sisi wenye duka linalokwama, shamba linalokauka, ndoa inayopoa. Tunafunga mlango kwa ndani, tunapiga magoti, tunalia, "Bwana, nisaidie!" Bwana akimtuma mtu, tunamwambia nini? "Hakuna shida, tunaendelea vizuri." Haya, msaada upite wapi, ukutani?

Leo ibada ikiisha, usikimbilie kwenda kupika. Mtafute mtu mmoja hapa ndani, yule unayedhani atakucheka. Mwambie lile ulilolificha wiki nzima. Usilipambe wala usilipunguze. Mwambie, halafu unyamaze, umpe nafasi akujibu.