Kisogo Kwenye Picha

Wapendwa, anayesinzia mwenzake amguse. Alikuwako kinyozi mmoja, hodari wa mashine na hodari zaidi wa mdomo. Ukutani kwake alibandika ukurasa wa gazeti wenye picha ya barabara ya sokoni, watu wanapita zao wala hawajui kama wanapigwa picha. Kila mteja akikaa, lazima apewe habari zao.

"Unamwona dada huyu anayecheka peke yake? Kapata mchumba. Na huyu wa suti usidanganyike, suti ya kuazima hiyo."

Nani alimwambia? Hakuna! Lakini aliyempania hasa ni mwanamume mmoja aliyepigwa kwa nyuma, mkono wake umo kwenye mkoba wa mama aliyefichwa na mwavuli. Uso hauonekani. Ni kisogo tu, chenye mikunjo mitatu.

"Mwizi huyo," kinyozi alisema kila siku. "Mtu mwema hawezi kuwa na kisogo kama hicho. Nikikipata!"

Basi akakipata. Alikuwa anamnyoa mgeni mmoja, kamaliza nusu ya kichwa, alipofika nyuma akahesabu mikunjo: mmoja, miwili, mitatu.

"Ni wewe! Mwizi wa kwenye picha!"

"Mzee wangu, mimi nimeshuka basi leo asubuhi. Mji huu siujui."

"Wezi wote husema hivyo!"

Watu wakaanza kujaa mlangoni. Nanyi mnajua mtu akiitiwa mwizi sokoni kinachompata. Mgeni wa watu akajibana kitini, shuka bado shingoni, nusu ya kichwa nywele, nusu inang'aa.

Hapo akaingia mke wa kinyozi na hotpoti ya chakula. Akaitazama picha, akaangua kicheko.

"Baba Sekela! Kumbe tulitoka gazetini? Si siku ile ya mvua, zipu ya mkoba wangu ilipogoma, ukanifungia?"

"Huyo si mimi."

"Ni wewe. Kisogo hicho nakijua kuliko uso wako. Kila ukininunia unalala umenipa mgongo, na kununa kwako si kwa siku moja."

Kinyozi yule miaka yote aliwashikia watu kioo kwa nyuma wajione walivyonyolewa. Kisogo chake mwenyewe hakuwahi kukitazama. Mgeni akainuka na nusu kichwa chake, akachukua kioo.

"Kaa, mzee," akasema kwa upole. "Leo nikuonyeshe mimi."

Mnacheka? Chekeni. Lakini sisi tumebandika picha ngapi? Jirani karudi na teksi, tumeshajua katoka wapi. Binti kakonda, tumeshampima na majibu tumesoma. Mgeni yule nusura apigwe kwa hadithi tu, ndugu zangu. Inaniuma, maana hadithi kama hizo hata mimi nimezisimulia.

Na wengine mmeanza kukagua visogo vya walio mbele yenu, nawaona kutoka hapa. Acheni! Nyuma yako pia amekaa mtu, naye ana macho. Ninyi wa benchi la mwisho msifurahi. Nyuma yenu kasimama Mungu.