Kwa Nini Flashi Hunawa Kisimani

Eti mnacheka! Mgeni kaulizwa kama flashi yake imenawa, nanyi mnacheka. Basi kaeni niwaambie, maana desturi hii imetoka nyumbani kwetu, na sitaki ije isimuliwe vibaya na watu wa mtaa wa pili.

Zamani kompyuta za hapa Kisimani hazikuwa na mlango. Flashi ya jirani iliingia bila hodi, ikamwaga taarabu na video za harusi, ikaenda zake nyumba nyingine. Kuikataa ilikuwa sawa na kumkataa jirani mwenyewe. Mama yangu, Bi Mwanasha, peke yake ndiye aliyeikagua kila flashi kwanza kwa programu ya kuua virusi. Alikuwa akisema, "Mkono usionawa hauingii siniani mwangu." Wakamwita mchoyo, wakamwita mwenye kujisikia. Wala hakuwajali!

Ndipo kirusi alipokuja, kajificha ndani ya video ya harusi. Msidhani alivunja mlango, alikaribishwa. Kila kompyuta aliyoingia alijizaa upya, akatulia kimya akingoja flashi nyingine ichomekwe. Ikichomekwa tu, anaipanda kama chawa apandavyo kichwa cha mtoto, anafika nyumba inayofuata. Majirani waliopendana zaidi ndio aliowamaliza upesi.

Punde mafaili yakaharibika mtaa mzima. Ya Bi Rukiya yalipotea yote, na humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama yake, akiimba wimbo wa kumtoa bi harusi. Na binti wa Rukiya alikuwa anaolewa Ijumaa ile ile. Jamani, Rukiya alilia kama aliyefiwa mara ya pili.

Kisha akakumbuka kwamba wimbo ule aliwahi kumpa mama yangu. Akaja, macho chini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita mchoyo. Mama hakumsimanga. Alifungua kompyuta, sauti ya marehemu ikatoka, nzima, tamu. Rukiya akapangusa machozi, akatoa flashi yake.

Mama akamshika mkono. "Inawe kwanza, shoga yangu."

Wakacheka wote wawili huku wakilia. Ijumaa bi harusi akatolewa kwa sauti ya bibi yake, na mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Na tangu siku hiyo hakuna flashi iingiayo nyumba ya Kisimani kabla haijanawa, iwe ya shehe, iwe ya mkwe, iwe ya mwanao wa kumzaa. Anayekuuliza hakutukani. Humo ndani ya kompyuta yake ana sauti ya mtu wake.