Ng'ombe wa Lugome

Bi Sikudhani alikuwa mwembamba kama bomba la sindano, na duka lake la dawa za mifugo lilikuwa na mlango mmoja tu. Asubuhi hiyo mlango ulizibwa na Lugome, mwenye baa tatu na mabaunsa wanne.

"Nataka katoni nzima ya dawa ya kulaza ng'ombe."

Bi Sikudhani alijua inakoenda. Wateja wa Lugome walikuwa wakinywa bia moja, wanazindukia mtaroni hawana hata viatu.

"Sheria ni chupa moja, bosi. Katoni ni ya mwenye kundi, tena nilione kwa macho yangu."

"Kundi ninalo! Au unataka nikuvunjie duka?"

"Hapana, bosi. Ila usinitajie wale ng'ombe wanaozurura mtoni tangu juzi bila mchungaji. Wale si wako."

Lugome akachekelea. "Nani kakwambia? Ndio hao hao!"

Mchana akarudi na mabaunsa wake, jasho likiwatiririka, wakiswaga ng'ombe thelathini. Akaapa mbele ya soko zima kuwa ni wake, kisha akaingia dukani akaandika hivyo kwenye daftari na kutia dole gumba.

"Haya, katoni yangu!"

Bi Sikudhani akapaza sauti nje. "Jamani, mwenye ng'ombe waliomaliza mahindi yenu amepatikana! Kaandika mwenyewe!"

Lugome akageuka atoke. Mlango ulikuwa ule ule mmoja, na safari hii ulizibwa na akina mama wa shamba la ushirika, waliokuwa wakimsaka mwenye ng'ombe hao tangu juzi, kila mmoja na bua lake lililotafunwa mkononi.