Kanga na Mtoto wa Kumi na Tatu

Nikitoa?

Tutapokea.

Nikiwapa?

Hatutaangusha.

Basi sogeeni. Na karanga zangu hizo kwenye ungo msiziguse, nimezihesabu.

Hapo kale, masika yalipoanza, Kanga alitotoa watoto. Walikuwa wengi, tena wazuri, naye akaringa nao pori zima. Ila katika ukoo wa Kanga walihesabu mpaka kumi tu, wakifika hapo basi. Kilichozidi walikiita "na wengine". Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake.

Kila jioni aliwaingiza kichakani akihesabu. "Moja, mbili, tatu," mpaka kumi, "na wengine. Haya, laleni wanangu."

Nguchiro alikuwa nyuma ya kichaka, anasikiliza. Akajisemea, "Hao na wengine hawana mwenyewe. Nitawafuga shimoni, mahindi yakikomaa nawala."

Mahindi yalipochipua, akachukua mmoja. Kanga akahesabu kumi, na wengine, akalala.

Mahindi yalipofika magotini, akachukua wa pili. Kanga akahesabu kumi, na wengine, akalala.

Mahindi yalipotoa mbelewele, akachukua wa tatu. Kanga akahesabu kumi, akangoja. Na wengine hawakuja.

Akamkimbilia shoga yake Nungunungu, aliyekuwa akivuna karanga.

"Shoga, wanangu wamepotea."

"Pole mwenzangu. Wangapi?"

"Wale wengine."

"Wengine ndio wangapi?"

Kanga akalia. Mama mzima, hajui ana watoto wangapi.

Nungunungu hakumcheka. Akaleta kikapu. "Angalia ninavyofanya na karanga. Kumi naziweka kikapuni. Zinazobaki nje sizitupi, naziita moja moja. Kikapu na moja, kumi na moja. Kikapu na mbili, kumi na mbili. Maganda ya mayai yako yapo?"

Yalikuwepo, bado kiotani. Kanga akatia maganda kumi kikapuni. Nje yakabaki machache. Akayagusa kwa mdomo polepole. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu." Akainua kichwa. "Nilizaa kumi na tatu. Nawataka watatu wangu."

Wakafuata vinyoya njiani, vikawafikisha kwenye shimo la Nguchiro. Kanga akapanga maganda matatu mlangoni, akaanza kupiga kelele. Na kelele za kanga mnazijua. Nguchiro akaziba masikio, wapi. Akamsukuma mtoto mmoja nje. "Chukua, ni huyu tu."

Kanga akamweka mtoto kwenye ganda lake. "Kumi na moja. Bado." Kelele.

Akatoka wa pili. "Wameisha hao."

"Kumi na mbili. Bado." Kelele.

"Nani kakufundisha wewe?" Nguchiro akauliza.

"Nipe wa kumi na tatu, nitakwambia."

Akatoka wa kumi na tatu, kanenepa mpaka hatembei vizuri. Kanga akacheka huku machozi yanamtoka. "Karanga za shoga yangu ndizo zilizonifundisha," akamwambia.

Tangu hapo, kila mavuno, watoto wa Kanga hujipanga kumi penye kikapu, na waliobaki huitwa mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nanyi wanangu, msikubali mtu kuitwa "na wengine". Kila mtu ana hesabu yake, na mama yake anaijua.

Ngano nimeifunga, aliyeipata aende nayo. Ila ngojeni kwanza. Ungo wangu ulikuwa na karanga kumi na tisa, sasa naona kumi na nne. Chausiku, fungua mdomo.