Itikio la Watu wa Kighonda

Nalitaja jina la Mshigheni mwana wa Kirumbe, mwana wa Senzota, mzao wa wale waliopanda mlima huu wakikimbia njaa ya tambarare, enzi ambazo mteremko wetu haukuwa na njia wala jina, na mvua ikinyesha iliteremka yote bondeni bila kumngoja mtu. Huyo ndiye Bega la Mlima, ndiye Mfunga Mito, ndiye aliyetujengea ndiva ya kwanza, lile bwawa la mawe na udongo ambamo maji ya kijito yalilala usiku kucha ili asubuhi yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Nyamazeni nimsimulie, watu wa Kighonda, kwa sababu bado tunakunywa maji aliyotuachia.

Alikuwa na nguvu za kutisha. Jiwe ambalo wanaume wanane walilizunguka, wakalitukana, wakaliacha, yeye alilikumbatia peke yake, akalitembeza taratibu kama mtu anayemwongoza ng'ombe mgonjwa. Lakini ukuta wa ndiva hakuujenga peke yake. Mawe makubwa yalivutwa kwa kamba za magome na watu mia tatu waliojipanga mteremkoni, na kwa kuwa mkono mmoja ukichelewa jiwe lingewaporomokea walio chini, Mshigheni aliwafundisha itikio. Yeye aliuliza, "Tuko?" nao kwa pumzi moja wakajibu, "Tuko!" na jiwe likasogea. Asiyeitika alitolewa kwenye kamba. Miaka miwili walivuta hivyo, na hakuna jiwe lililomuua mtu.

Ukuta ulipokamilika wakala kiapo, na Mshigheni akawa wa kwanza kuapa: atakayeng'oa jiwe la ndiva ataondoka Kighonda, asinywe tena maji yake. Kisha kamba zikaoza. Itikio halikuoza. Liliingia barazani, likakaa. Msemaji wa baraza, mtu mnene mcheshi aliyeitwa Kitojo, aliuliza jambo mara moja tu, na wote wakajibu kwa pumzi moja, na aliyekawia kujibu alitazamwa kama mtu aliyeiachia kamba. Tukawa watu wa sauti moja. Tulijisifu kwa hilo.

Mwaka wa kumi na mbili, masika yakikaribia, Mshigheni aliona unyevu chini ya ukuta, mahali ambapo pangepaswa kuwa pakavu. Siku ya pili unyevu ukawa tope. Siku ya tatu aliweka kiganja juu ya jiwe la katikati akasikia ukuta ukitetemeka, polepole, kama ubavu wa mnyama mwenye homa. Chini yake palikuwa na nyumba themanini.

Akaenda barazani. "Ukuta nilioujenga unakufa," alisema. "Tuufungue upande wa korongo, kusiko na nyumba, kabla ya mvua, maji yatoke, tujenge upya. Tutakosa mavuno ya msimu mmoja, lakini tutakuwa hai."

Kitojo akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Bega la Mlima, leo unajiogopa mwenyewe? Haya, watu wa Kighonda. Ukuta wa Mshigheni ni imara?"

"Ni imara!"

Sauti mia tatu, pumzi moja. Na Mshigheni, aliyekuwa amesimama katikati yao, alihisi kinywa chake mwenyewe kikifunguka na kuitikia pamoja nao, kwa sababu kilikuwa kimezoea. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Ukuta ulimtisha, lakini kinywa chake kilimtisha zaidi.

Kesho yake alikwenda kukagua kijito, akakutana na Namkunda, mjane mzee, akipanda kwa tabu na kikapu cha mbegu kichwani.

"Shikamoo, bibi. Mbegu zinakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Panya wamezidi kule chini. Nazipeleka pangoni."

"Na panya hawawezi kupanda mlima?"

"Wangu wavivu," alisema Namkunda, akapita bila kumtazama usoni.

Hakufika mbali akamwona Kitojo mwenyewe, jasho likimtoka, akiwa amembeba mbuzi mchanga mabegani.

"Anaumwa kifua," Kitojo akasema kabla hajaulizwa. "Anahitaji hewa ya juu."

"Pole yake."

"Nimeshapoa," akajibu Kitojo, akaondoka haraka.

Mshigheni akapanda hadi kwenye mapango. Alichokiona huko kilimfanya akae chini. Vikapu vya mbegu, vyungu, majembe, ngozi za kulalia, vyote vilikuwa vimefichwa nyuma ya mawe, kila kaya na kona yake, kila kona imefunikwa majani ili jirani asijue. Kighonda nzima ilijua kwamba ukuta unakufa. Kila mtu alidhani anajua peke yake.

Basi akatumia akili badala ya bega. Alituma ujumbe kwamba baraza la siku ile lingefanyika juu, mbele ya mapango, naye akatangulia kuyaondoa majani yote. Watu walipofika walisimama wakivitazama vikapu vyao, kisha vya majirani zao.

"Kumbe panya wa Kitojo nao ni wakubwa," alisema Namkunda hatimaye.

Wakacheka, na wengine wakalia huku wanacheka. Mshigheni hakucheka. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa upande wa chanzo cha kijito. Akauliza nani bado anauamini ukuta. Hakuna aliyejibu, na ule ukimya ulikuwa ukweli wa kwanza kusemwa na baraza zima kwa miaka kumi na miwili. Wakakubaliana ndiva ifunguliwe.

"Na kiapo?" akauliza Kitojo kwa sauti ndogo.

Mshigheni alingoja mtu aseme kiapo kivunjwe. Walitazamana. Ngurumo ikasikika. Hakungoja tena. Aliwaamuru wawatoe wazee na wagonjwa katika nyumba za chini, akateremka peke yake, akakumbatia jiwe la upande wa korongo, jiwe lile lililowashinda wanaume wanane, akaling'oa.

Maji yakaenda korongoni kwa kishindo kilichotikisa mlima. Nusu ya ndiva ilikuwa imekwisha kutoka wakati ukuta wenyewe ulipoanguka, na tope likafunika mashamba na nyumba kumi na moja. Watu wote walikuwa juu. Hakufa hata mmoja.

Mshigheni akatokea ng'ambo ya korongo, ametapakaa tope toka kichwani hadi miguuni. Alisimama akatutazama. Hakuomba. Alingoja.

Sema nani hakutaka abaki! Nakijwa, dada yake wa tumbo moja, alifungua kinywa, akamtazama Kitojo kama ataanza. Kitojo akawatazama wazee. Wazee wakawatazama vijana. Watu mia tatu walikuwa na neno lilelile kooni, kila mmoja akisubiri itikio, na hapakuwa na mtu wa kuuliza. Mshigheni akageuka, akaanza kupanda, akiondoka kama alivyoapa.

Namkunda ndiye aliyeanza. "Mshigheni! Rudi, baba! Rudi!" Ndipo wote wakapiga kelele, kila koo kwa wakati wake, ovyo, bila mpangilio. Lakini ukungu ulikuwa umeshuka na kijito kilikuwa kikinguruma. Tulimtafuta siku tisa. Nyayo zake zilifika mahali mwamba unapoanzia, zikakoma.

Tulijenga ndiva nyingine, yenye mlango. Kiapo tulikifuta. Na tangu siku ile hatuitikii pamoja barazani. Kila mtu hutaja jina lake kisha husema lake, na aliye na hofu ndiye hutangulia. Hiyo ndiyo alama aliyotuachia, na kila kizazi hukaribia kuisahau. Ndiyo maana habari hii husimuliwa kabla ya baraza, na msimulizi haruhusiwi kuketi mpaka mmoja wenu asimame.

Mimi nimefika mwisho. Bado nimesimama. Nawaona mnatazamana.