Lala Kwenye Kona

Sogeeni. Mwenye la kusema alishike kwanza, maana mwishoni nitamdai. Kesi hii ina watu watatu na kidari kimoja cha mbuzi.

Katika milima ya Upare waliishi majirani watatu. Kiondo alikuwa na kipaji cha kufundisha. Angemfundisha hata kuku kuogelea, ingawa kuku asingemshukuru. Mbonea, kaka wa mke wake, alikuwa na mikono tulivu. Akishika usukani wa pikipiki utadhani kabeba bakuli la uji wa moto. Na Bibi Nambike alikuwa na mgongo. Watoto wake, wa dada zake na wa majirani, wote walipita mgongoni hapo, na hakuna aliyewahi kudondoka.

Basi ikafika siku ya posa ya Nakijwa, binti wa kaka yake Bibi Nambike, kijiji cha pili. Katika ukoo ule, shangazi asipotamka "mtoto tumemtoa", hakuna ndoa. Mvua ikaporomosha mlima, gari lililotumwa kumchukua shangazi likakwama. Wazee wa upande wa mume walishaahirishiwa mara moja. Wakasema wazi: jua likizama hatujamsikia shangazi, tunaondoka na haturudi. Nakijwa akapiga simu analia.

Palipokwama gari, pikipiki ingepenya. Kiondo alikuwa nayo, lakini mguu wake ulivunjika na bado ulikuwa umefungwa hogo la plasta. Akabaki Mbonea, ambaye alikuwa hajawahi kubeba mtu.

Alichokuwa amebeba ni gunia. Tangu masika yaanze, Kiondo alikuwa akimfungia gunia la mahindi kiti cha nyuma, anampandisha mlima na kumteremsha. Mbonea akikosea kona, akirudi tu Kiondo hulipiga gunia kofi.

"Umemuua mama wa watu, shemeji. Mwombe radhi."

Na Mbonea aliliomba gunia radhi, watu wakimtazama.

Siku hiyo ya posa Kiondo akamwambia, "Breki ya mbele usiiguse kwenye kona. Na abiria lazima alale nawe. Akikaa wima, mnakwenda korongoni. Mwambie kabla hujawasha."

Mbonea akamwambia. "Bibi, tukifika kwenye kona, ulale na mimi."

Bibi Nambike akarudisha mguu chini. "Nilale na nani?"

"Na mimi, Bibi."

"Nimezika waume wawili, mjukuu wangu. Wote walianza kwa salamu."

Kiondo alicheka mpaka akalishika hogo lake. Lakini jua halingoji kicheko. Bibi akapanda, akakaa wima kama nguzo ya nyumba, heshima yake mkononi.

Kona ya kwanza Mbonea akaegemea huku, Bibi akajikaza kule. Pikipiki ikakataa kukunja, ikaenda moja kwa moja ukingoni. Mtu mwingine angebana breki ya mbele. Mbonea aliachia mafuta, akakanyaga breki ya nyuma taratibu, wakasimama. Kijiwe kikadondoka korongoni, wakakisikia kikienda, kikienda. Mikono yake ilikuwa imetulia.

"Bibi, gunia lililala."

"Mimi si gunia."

"Basi usishindane na mgongo wangu. Nakuomba."

Neno mgongo lilimwingia Bibi.

"Kumbe kulala ndiko huko? Mtoto akijikaza mgongoni, mama huanguka. Akilala, hata mto mnavuka. Ungesema tangu nyumbani nilale kama mtoto, tungeshafika."

Akaweka shavu mgongoni kwa Mbonea, akafumba macho. Kona zikawa zinapita kama hazipo. Kwenye tope la maporomoko tairi la nyuma likateleza. Mbonea akaegemea kushoto, na Bibi alikuwa ameshaegemea.

Walifika jua likiwa limebaki vileleni. Bibi, tope hadi magotini, akasimama mbele ya wazee. "Mtoto tumemtoa." Nakijwa akamkumbatia, tope na yote.

Baba wa Nakijwa akaleta kidari kwenye sahani. "Hiki ni cha aliyemfikisha shangazi. Na kwetu kidari hakikatwi; ukikikata umekata undugu."

"Ni cha Kiondo," akasema Mbonea. "Pale ukingoni, sauti yake ndiyo iliyonizuia mkono."

Wakampigia Kiondo. "Mimi nilifundisha gunia," akajibu. "Aliyejua kulala ni Bibi. Mpeni yeye, na mwambieni asante kwa kumfikisha shemeji yangu mzima."

"Tangu lini mtu akatuzwa kwa kulala?" akasema Bibi Nambike. "Nimebeba watu maisha yangu yote. Leo nimebebwa. Mpeni aliyenibeba."

Bila somo, breki ya mbele ingewaua. Bila mikono ile, somo lingebaki nyumbani na gunia. Bila Bibi kulala, kona ya pili isingepitika. Baba wa Nakijwa bado amesimama na sahani, na nyama inapoa.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungeiweka mbele ya nani?