Nani Ale Kidari cha Mavuno

Sogeeni hapa. Hadithi yangu haina sungura wala fisi; ina mahindi, ina mbuzi mmoja, na ina ugomvi. Anayetaka kuamua angoje mwisho, asinikatize.

Kulikuwa na mjane mmoja, Ndeonasia, aliyeishi mlimani Kilimanjaro kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Chakula hasa kilitoka chini tambarare, mwendo wa saa mbili, kwenye shamba la mahindi aliloachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa na watoto watatu wakubwa. Elinami, kifungua mimba, alijua mbingu: akinusa upepo tu anakuambia kama wingu lina maji au linapita njia. Manka alijua mbegu. Ungempa punje gizani angekutajia shamba ilikotoka. Kundaeli, kitinda mimba, hakujua mbingu wala mbegu, ila alijua maji. Aliweza kuutazama mteremko, akapiga jembe mara mbili, na maji yakamfuata kama ndama.

Mama yao naye alikuwa na kosa moja, kosa la watu wengi wa mlimani. Mvua ikimnyeshea kihambani, aliamini inanyesha dunia nzima. Miaka miwili mfululizo alishuka na mbegu huku amelowa chapachapa, akapanda kwenye vumbi, na mbegu zikaungua. Mwaka wa tatu shemeji yake akaja, akanywa mbege, ile pombe ya ndizi, taratibu mpaka kibuyu kikaisha, ndipo akasema, "Shemeji, shamba lile lisipozaa msimu huu, ukoo utampa mwingine."

Ndeonasia alilia. Kisha akafuta machozi, akawaita wanawe.

"Katika nyumba hii," alisema, "kidari cha mbuzi anakula yule anayesema siku ya kupanda. Alikula baba yenu, nikala mimi. Atakayeokoa mahindi ya mwaka huu atakula yeye, na neno lake kuhusu siku ya kupanda sitalipinga tena."

Mwezi wa tatu ulipoanza, mvua ikapiga mabati ya mlimani hata watu hawasikilizani. Majirani wakabeba majembe. Elinami akasimama mlangoni.

"Hakuna kushuka. Hii inatuchezea tu. Upepo wa tambarare bado haujageuka."

Mama akamwita mvivu. Majirani wakamwita majina mengine, ambayo sitayataja mbele ya watoto. Lakini mbegu za majirani zilichipua, zikaona jua siku nne, zikafa. Elinami akakaa wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Wiki ya tano akatoka nje alfajiri, akarudi, akasema, "Sasa." Mvua ikawakuta njiani, wakapanda kwenye udongo uliolowa.

Lakini kabla hawajashuka kulikuwa na tatizo: msimu ulikuwa umeshaliwa nusu. Mbegu kubwa waliyozoea isingewahi kukomaa. Manka akapanda darini, juu ya moshi wa jiko, akateremsha mahindi mafupi mekundu ambayo watu walikuwa wakiyacheka. Miaka sita alikuwa akichagua, kila mavuno, yale yaliyotangulia kuiva.

"Haya hayahitaji masika nzima," alisema. "Yape nusu, yatajitegemea."

Ikawa hivyo. Wiki ya saba tu tangu kupanda, mahindi yakatoa mbelewele, wakati ya aina ile nyingine yangekuwa bado yako magotini.

Na hapohapo mvua ikakatika! Tambarare jua likawaka, majani yakajikunja, na Mama akashika tama. Huko mlimani, mvua iliendelea kunyesha kama kawaida. Kundaeli akalitazama korongo lililopita kando ya shamba, ambamo maji ya mlimani huteremka mbio na kwenda zake bila kumfaa mtu. Akachimba mfereji siku tisa. Viganja vikachubuka hata kushika tonge kukamshinda, akawa analishwa ugali na dada yake. Siku ya tisa maji mekundu yakaingia shambani, mstari baada ya mstari, na Kundaeli akakaa kwenye tope akicheka peke yake.

Walivuna magunia kumi na manne. Shemeji akaja, akayapapasa moja moja, akanywa mbege yake, na neno la ukoo hakulitamka. Shamba likabaki. Siku hiyo nyumba ilijaa furaha. Mbuzi akachinjwa, na kidari kikawekwa kwenye jani la mgomba mbele ya Mama.

"Mimi nisingewazuia," Elinami akasema, "Manka angepanda nini? Mbegu zake zote zingekuwa zimeungua mwezi wa tatu."

"Na kaka aliposema 'sasa', mimi nisingekuwa na mbegu ile," Manka akajibu, "tungevuna majani ya kulisha ng'ombe. Wiki tano, kaka!"

Kundaeli akaitazama mikono yake. "Mlisubiri vizuri, mkapanda vizuri. Lakini mahindi yalikuwa yanakufa, nyote mlikuwa mmekaa mnayaangalia."

Mama akacheka, maana kila mmoja alisema kweli. Halafu kicheko kikamwisha. Nyama angeweza kuikata vipande vitatu, lakini siku ya kupanda ni moja, na watu watatu hawawezi kuisema. Akimpa asiyestahili, wawili watanuna. Akimpa asiyeweza, wote watalala njaa. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtia uchungu.

Mimi nasema Elinami. Mke wangu anasema nimepotoka, ni Manka, na tumeoana miaka kumi na tisa hatujaafikiana. Mama mkwe anatucheka sote, anataja Kundaeli.

Haya, kisu sasa kiko mkononi mwako, na watoto watatu wanakutazama. Kidari unampa nani?